Kidirisha cha kurasa cha InDesign: mapitio ya mpangaji wa diwani

Diwani niliyoipanga mwaka uliopita ilikuwa na sharti moja ambalo mshairi hakukubali lilegezwe: kila shairi likae upande wa kushoto na sherehe ya maneno yake magumu ikae upande wa kulia, ili msomaji asilazimike kufunua ukurasa kutafuta maana ya neno alilokutana nalo. Kazi ilikamilika kwa kurasa 96 za ukubwa wa A5, ikapitiwa na kukubaliwa, kisha mshairi akarudi na beti nne alizoziongeza katika shairi lililokuwa ukurasa wa 38. Beti hizo hazikuenea. Shairi lilihitaji ukurasa wa pili, na ukurasa mmoja unapoingia katikati ya kitabu cha namna hiyo, mashairi yote yanayofuata huhamia kulia na sherehe zote huhamia kushoto, kiasi kwamba msomaji anayefunua kitabu huona mbele yake maelezo ya shairi moja na mwanzo wa shairi jingine.

Kwa mpangaji wa vitabu, siku kama hiyo ndiyo mtihani wa programu. Kupanga kurasa mpya ni jambo ambalo programu yoyote ya upangaji inaliweza; kuingiza ukurasa katikati ya kazi iliyokwisha bila kuvuruga zilizobaki ndiko kunakoonyesha programu ilifikiriwa kwa kina gani. Kwa hiyo mapitio haya hayahusu InDesign nzima, programu ya upangaji niliyoitumia kwa diwani hiyo. Yanahusu kidirisha chake cha kurasa, na namna kinavyozishughulikia kurasa mbili zinazotazamana kitabu kinapofunuliwa, ambazo hapa nitaziita jozi.

InDesign ilitolewa na Adobe mwaka 1999, miaka mitano baada ya kampuni hiyo kuinunua Aldus, watengenezaji wa PageMaker ya mwaka 1985. Waliojifunza kazi hii kwa PageMaker watakumbuka kwamba kurasa zilionyeshwa kwa vijialama vyenye namba, vilivyojipanga chini ya dirisha, na kwamba ilimlazimu mtu kukumbuka kichwani kilichomo katika kila kimoja. Katika InDesign, kidirisha cha kurasa, ambacho kwenye Windows hufunguliwa kwa kitufe cha F12, huonyesha picha ndogo ya kila ukurasa pamoja na yaliyomo. Sehemu ya juu ina kurasa masta, yaani violezo vinavyobeba vitu vinavyojirudia kama vile namba za kurasa na jina la kitabu, na sehemu ya chini ina kurasa za kitabu chenyewe, zikiwa zimeshikamana kwenye mstari wa katikati unaosimama badala ya mgongo wa kitabu. Chini kabisa huandikwa hesabu: kurasa 96 katika jozi 49. Anayeanza hushangaa kwa nini jozi si 48. Sababu ni kwamba ukurasa wa kwanza hukaa peke yake upande wa kulia na wa mwisho hukaa peke yake upande wa kushoto, kama ilivyo katika kitabu cha karatasi, na kwa hesabu hiyo moja kidirisha kinakuwa kimekwisha kusema kwamba kinamfikiria mtu aliyeshika kitabu mkononi.

Kuna jambo dogo ambalo nimelipenda kuliko nilivyotarajia, nalo ni uwezo wa kuipa picha ya kila ukurasa alama ya rangi. Katika diwani ile nilitumia njano kwa kurasa zilizosubiri masahihisho ya mhariri, kijani kwa zilizopitishwa, na nyekundu kwa zile ambazo sherehe yake ilikuwa haijafika. Rangi hizo hazichapwi wala hazimgusi msomaji, lakini mtu akiwa na kurasa karibu mia moja zinazopita mikononi mwa watu watatu, alama hizo humwokoa na daftari zima la kumbukumbu.

Sasa nirudi kwenye ukurasa ulioingizwa. Njia ya haraka ya kuongeza ukurasa ni kubonyeza Ctrl, Shift na P kwa pamoja, na ukurasa mmoja huingia baada ya ule ulio wazi. Urahisi huo ndio hatari yake, kwa sababu kwa kawaida InDesign huruhusu kurasa zote zinazofuata zijipange upya. Ukurasa uliokuwa kushoto unahamia kulia, na programu hubadilisha pambizo zake bila kuuliza: pambizo ya ndani inafuata mgongo, na ya nje inafuata ukingo. Vitu vilivyotoka kwenye kurasa masta huhama vizuri, na namba ya ukurasa hujikuta katika kona yake sahihi. Lakini fremu, yaani visanduku vya kubebea maneno au picha, ambazo mpangaji amezichora mwenyewe juu ya ukurasa hubaki palepale zilipokuwa, na iwapo pambizo ya ndani ina milimita 20 na ya nje ina milimita 14, kila fremu ya namna hiyo sasa imepishana na pambizo kwa milimita 6. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha ndogo za kidirisha. Huonekana kitabu kikishafungwa kwa gundi, beti zinapoanza kuingia mgongoni.

Watengenezaji wameweka kinga, na hapa ndipo inapofaa kuwa mwangalifu. Katika menyu ya kidirisha ipo amri inayoitwa “Allow Selected Spread to Shuffle”, na mtu akiondoa tiki yake kwa jozi alizozichagua, namba za jozi hizo huwekewa mabano ya mraba na kurasa zake hazitenganishwi tena hata kurasa nyingine zikiingia mbele yake. Nilifanya hivyo kwa jozi zote zilizofuata ukurasa wa 39, kisha nikaingiza ukurasa mmoja. Kwenye skrini kila kitu kilitulia: ukurasa mpya wa 40 ulisimama peke yake, na baada yake mashairi yaliendelea kushoto na sherehe kulia. Nilipotazama namba ndipo nilipoona kasoro. Shairi lililofuata, lililokuwa limekaa kushoto kwa utulivu, lilikuwa na namba 41, na namba ya witiri haikai kushoto katika kitabu chochote kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mtambo wa kuchapa haujui chochote kuhusu mabano ya mraba. Hupokea kurasa kwa mfuatano, ya 39, ya 40, ya 41, na huiweka ya 41 upande wa kulia, kwa hiyo kitabu kingetoka kikiwa kimevurugika vilevile kana kwamba sikufunga kitu, ila mimi ningekuwa nimefichwa ukweli huo hadi mwisho.

Hili ndilo lawama langu kubwa kwa kidirisha hiki. Kinaruhusu jozi kuonekana namna ambayo karatasi haiwezi kuifuata, na hakitoi onyo lolote. Programu inayojua kwamba hati ni ya kurasa zinazotazamana, na inayojua namba ya kila ukurasa, ina kila inachohitaji ili kumwambia mpangaji kwamba ukurasa wa witiri umekaa upande usio wake. Hadi hapo itakapofanya hivyo, mpangaji ana njia moja ya uhakika: atoe PDF ya kurasa mojamoja, aifungue kwa mwonekano wa kurasa mbilimbili huku ukurasa wa kwanza ukiwa umetengwa kama jalada, na aipekue yote. Kinachoonekana hapo ndicho kitakachochapwa.

Suluhisho lenyewe ni la kale kuliko kompyuta, nalo ni kuongeza kurasa mbilimbili. Ukibofya alama ya ukurasa mpya iliyo chini ya kidirisha huku umeshikilia kitufe cha Alt, dirisha dogo hufunguka na kukuuliza unataka kurasa ngapi, ziingie wapi na zifuate ukurasa masta upi. Niliandika mbili, baada ya 39, nikaweka beti za mwendelezo kwenye ukurasa wa 40 na sherehe yake kwenye wa 41, na hakuna shairi hata moja lililohama upande. Dirisha hilo dogo ni miongoni mwa sehemu zilizobuniwa vizuri kabisa katika programu nzima, na inasikitisha kwamba limefichwa nyuma ya kitufe ambacho wengi hawakijui, ilhali njia ya mkato inayoongeza ukurasa mmoja iko wazi kwa kila mtu.

Kwa vitabu vya nathari hali ni tofauti, na ni bora zaidi. Katika riwaya, matini yote hupita katika fremu zilizounganishwa, na InDesign inaweza kuongeza kurasa yenyewe maneno yanapofurika. Katika mapendeleo ya matini kuna kisanduku cha “Preserve Facing-Page Spreads” ambacho, kikiwekwa tiki, huamuru kwamba kurasa zinazoongezwa katikati ya kitabu ziingie kwa jozi, si mojamoja. Yaani watengenezaji wanalielewa tatizo kikamilifu. Kwa nini basi kisanduku hicho hakina tiki tangu mwanzo, na kwa nini kanuni hiyohiyo haitumiki mtu anapoongeza ukurasa kwa mkono, ni maswali ambayo sijayapatia jibu linaloniridhisha. Ninamshauri kila anayepanga riwaya akiwekee tiki kabla hajaingiza neno la kwanza.

Jambo jingine linalowatofautisha wapangaji wa nathari na wa mashairi ni kuhamisha kurasa. Kuburuta ukurasa kutoka mahali pamoja hadi pengine kidirishani ni rahisi mno, na kwa diwani ni neema, kwa kuwa kila shairi lina fremu yake na linahama pamoja na ukurasa wake. Lakini fremu zilizounganishwa hubaki zimeunganishwa kwa mfuatano wao wa awali. Ukiuburuta ukurasa wa 30 wa riwaya na kuuweka mbele ya wa 10, matini itatoka ukurasa wa chini, iruke juu, kisha irudi chini, na msomaji atakutana na sura iliyokatwa. Programu haijakosea hapo, imetii mnyororo wa fremu. Anayetaka kupanga upya sura za riwaya akate na kubandika maneno, aziache kurasa zilipo.

Eneo ambalo InDesign inastahili sifa kubwa ni ugawaji wa kitabu katika sehemu. Kurasa za mwanzo, zenye tabaruku, shukrani, yaliyomo na dibaji, nilizipa namba za Kirumi kuanzia i hadi viii, kisha mwili wa diwani ukaanza na 1. Pembetatu ndogo nyeusi juu ya picha ya ukurasa huonyesha kila sehemu inapoanzia. Mtu akihitaji kutoa ukurasa kwa hesabu yake halisi ndani ya faili, bila kujali namba iliyoandikwa juu yake, hutanguliza alama ya kujumlisha, kwa mfano +9 kwa ukurasa wa tisa, ambao katika diwani yangu ulikuwa ukurasa wa 1 wa mwili. Hata hivyo hapa pia kuna mtego wa aina ileile. Kurasa za mwanzo zikiwa saba badala ya nane, ukurasa wa vii utakaa kulia, na ukurasa wa 1, kwa kuwa ni witiri, nao utawekwa kulia. Skrini itaonyesha kurasa mbili za kulia zikifuatana, kana kwamba kati yake kuna ukurasa usioonekana. Haupo. Kwenye karatasi ukurasa wa 1 utaangukia kushoto, na kitabu kizima kitakuwa kimepinduka. Dawa ni kuongeza ukurasa mtupu wa viii. Wanaogawa kitabu kikubwa katika faili kadhaa na kuziunganisha kwa faili ya kitabu wana nafuu, kwani huko mtu anaweza kuamuru kila sura ianze kwenye ukurasa wa witiri na kurasa tupu ziingizwe zenyewe panapohitajika.

Kuhusu kurasa masta nitasema machache, kwa sababu zinafanya kazi yake vizuri na hazihitaji utetezi. Ukurasa masta mmoja unaweza kujengwa juu ya mwingine, hivyo wa mwanzo wa sura ulirithi pambizo za ule wa mashairi na kuondoa jina la kitabu tu. Anayeanza atataabika pale atakapobofya kitu kilichotoka kwenye ukurasa masta na kisichaguliwe. Ajue kwamba hushikwa kwa Ctrl na Shift pamoja na kubofya, na afanye hivyo kwa nadra, kwa maana kila sifa ya kitu hicho atakayoibadilisha kwenye ukurasa haitafuata tena mabadiliko ya kiolezo.

Jalada ndilo mahali ambapo ile ruhusa ya kuzuia kurasa zisijipange upya hupata maana yake. Tangu toleo la CS5 la mwaka 2010, hati moja inaweza kuwa na kurasa za ukubwa tofauti, na kurasa hadi 10 zinaweza kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Kwa diwani nilitengeneza kurasa tatu zilizoshikamana: jalada la nyuma la milimita 148, mgongo, na jalada la mbele la milimita 148. Idadi ya kurasa ilipobadilika na mgongo ukahitaji kunenepa, nilibadilisha upana wa ukurasa mmoja mwembamba wa katikati, na majalada yote mawili yakasogea bila kuharibika. Kabla ya hapo nilikuwa nikichora jalada zima kama ukurasa mmoja mpana na kuhesabu mahali pa mgongo kwa mistari ya mwongozo, na kila badiliko lilikuwa kazi ya kuanza upya.

Katika kutoa PDF, chaguo ni kati ya kurasa mojamoja na jozi, na uamuzi huo si wa urembo. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka kijitabu cha kurasa 24 kwa mpiga chapa nikiwa nimekitoa kwa jozi, kwa kuwa kwenye skrini kilipendeza hivyo, nacho kikarudishwa, kwa sababu anayechapa huzipanga kurasa upya kwenye karatasi kubwa: katika kijitabu cha pini, ukurasa wa 24 hukaa karibu na wa 1, na wa 2 karibu na wa 23. Jozi zilizogandishwa pamoja haziwezi kutenganishwa bila kukatwa. Mpelekee mpiga chapa kurasa mojamoja, zenye ziada ya milimita 3 pembezoni kwa ajili ya kisu. Jozi ziwe za kumwonyesha mwandishi tu. Programu ina amri yake yenyewe ya kupanga kijitabu kwa ajili ya printa ya ofisini, nayo inatosha kwa ratiba ya harusi au ya mkutano, ila haitoi PDF moja kwa moja bila kupitia printa.

Kuna pia hesabu ya karatasi, ambayo kidirisha hakiitaji kabisa. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, na diwani ya kurasa 96 ilikuwa mikunjo 6 kamili. Kurasa 98 si mikunjo ya chochote. Ukaguzi wa kabla ya kuchapa ulio ndani ya InDesign unaweza kuwekewa sharti kuhusu idadi ya kurasa, na ninapendekeza liwekwe, lakini mahali pa asili pa taarifa hiyo ni palepale chini ya kidirisha inapoandikwa hesabu ya jozi, mahali ambapo jicho hupita kila dakika.

Nimejaribu kazi hiyohiyo katika Scribus, programu huria isiyolipiwa ambayo toleo lake la 1.6.0 lilitoka Januari 2024, kwa sababu InDesign hulipiwa kwa usajili na si kila mpangaji wetu anaweza kubeba dola hizo mwezi baada ya mwezi. Scribus humtaka mtu achague tangu mwanzo iwapo hati ni ya ukurasa mmojammoja, ya jozi, au ya mkunjo wa kurasa tatu au nne, na hutengeneza kurasa masta tofauti za kushoto na za kulia. Haina ufundi wa kufunga jozi moja na kuacha nyingine. Kwa kitabu cha karatasi, upungufu huo ni salama zaidi, kwani kila ukurasa hukaa upande ambao mtambo utauweka na skrini haidanganyi. Inachokosa ni upangaji wa kijitabu, ambao itabidi ufanywe kwa programu nyingine, na faili ya 1.6 haifunguki katika matoleo ya zamani ya 1.4, jambo la kuzingatia ikiwa mhariri na mpangaji hutumia kompyuta tofauti. Kwa jarida la shule, kijitabu cha msikiti au cha parokia, na hata riwaya isiyo na picha nyingi, ningeianza kazi kwa Scribus bila wasiwasi. Kwa kitabu chenye jozi ngumu, sehemu nyingi na jalada lenye mgongo unaobadilika, ningelipa usajili wa InDesign kwa miezi ya kazi hiyo, nikiwa nimekwisha kukiwekea tiki kile kisanduku cha jozi na nimejizuia kutumia njia ya mkato ya ukurasa mmoja.

Diwani ilitoka na kurasa 104, mikunjo 6 na nusu, kwa kuwa mpiga chapa alikubali mkunjo mmoja wa kurasa 8. Kati ya kurasa sita zilizobaki baada ya zile mbili za katikati, nne zilibeba faharasa ya mishororo ya kwanza, ambayo mshairi alikuwa ameitamani tangu mwanzo akaambiwa haina nafasi, na mbili za mwisho ziliachwa tupu.